Ushujaa Uliokosa Daftari: Askari Henry Johnson na Haki ya Kuandikwa

Kitabu cha Ester kinatusimulia habari za mfalme Ahasuero aliyekosa usingizi usiku mmoja. Akaamuru kitabu cha kumbukumbu za ufalme kiletwe na kusomwa mbele yake. Humo likapatikana jambo la zamani: mtu mmoja, jina lake Mordekai, aliwahi kufichua njama ya watumishi wawili wa mlangoni waliotaka kumwua mfalme. Mfalme akauliza ni heshima gani aliyopewa Mordekai kwa tendo hilo. Akajibiwa kwamba hakupewa kitu (Ester 6, 1-3). Tendo lilikuwa limeandikwa. Tuzo haikuwa imetolewa. Siku hiyohiyo deni lile likalipwa hadharani, katika uwanja wa mji.

Mordekai alikuwa na bahati ambayo wengi hawakuipata: mwandishi wa mfalme alikuwa ametia tendo lake katika kitabu. Ingekuwaje kama mwandishi yule angesahau? Au ingekuwaje kama angeona kwamba Myahudi wa uhamishoni hastahili mstari mmoja wa wino? Mfalme angesoma usiku kucha asikute kitu, na haki ya Mordekai ingelala kaburini pamoja naye. Wahenga wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Heshima ya mtu nayo ni mali, tena mali ya thamani kuliko fedha. Na historia ya karne iliyopita inatuonyesha jinsi inavyoweza kupotea kwa njia hiyohiyo.

Katika tafakari hii tutafuata habari za askari mmoja wa Marekani, mtu mweusi, ambaye nchi yake ilichukua miaka 97 kusahihisha yale iliyoyaandika, na yale iliyokataa kuyaandika, juu yake. Kisha tutarudi nyumbani kwetu Kongo, kwa kuwa deni la namna hiyo tunalo na sisi.

Mpagazi wa stesheni aliyekwenda vitani

Henry Johnson alizaliwa Winston-Salem, katika jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Akiwa kijana alihamia Albany, mji mkuu wa jimbo la New York, akafanya kazi ya kubeba mizigo ya abiria katika stesheni ya gari la moshi. Mwezi wa Juni 1917, muda mfupi baada ya Marekani kuingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, alijiandikisha katika kikosi cha watu weusi cha New York, ambacho baadaye kiliitwa Rejimenti ya 369.

Yafaa kujua jeshi la Marekani lilivyokuwa siku zile. Askari weusi waliwekwa katika vikosi vyao peke yao, na wengi wao hawakupewa kazi ya kupigana bali ya kupakua meli, kuchimba mitaro na kuzika maiti. Utaratibu huo wa kuwatenga watu kwa rangi uliendelea hadi Rais Harry Truman alipotoa amri ya kuukomesha mwaka 1948. Kwa hiyo Rejimenti ya 369 ilipofika Ufaransa mwanzoni mwa 1918, wakuu wa jeshi la Marekani waliikabidhi kwa jeshi la Ufaransa, lililokuwa na njaa kubwa ya askari. Watu wale wakavaa kofia za chuma za Kifaransa, wakashika bunduki za Kifaransa, wakapigana chini ya majenerali Wafaransa. Walikaa katika mstari wa mbele siku 191.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918, kwenye ukingo wa msitu wa Argonne, Johnson alikuwa zamu ya ulinzi pamoja na mwenzake Needham Roberts. Kundi la Wajerumani, wasiopungua kumi na wawili, likawashambulia gizani. Roberts alijeruhiwa vibaya mapema, na maadui wakaanza kumburuta ili wamchukue mateka. Johnson, ambaye naye alikuwa ametapakaa damu, akatoka katika mahali pake pa kujikinga na kuwafuata akiwa na kisu tu mkononi. Akapambana nao ana kwa ana hadi wakamwacha mwenzake. Kulipokucha, wawili hao walikuwa hai, na adui alikuwa amerudi nyuma. Inasemekana Johnson alikuwa na majeraha 21.

Wafaransa hawakukawia. Waliwapa wote wawili Croix de guerre, yaani Msalaba wa Vita, wakawa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kupata nishani hiyo. Na ile ya Johnson ilitiwa tawi la dhahabu, alama ya heshima ya juu zaidi. Magazeti ya Marekani yalieneza sifa zake. Tarehe 17 Februari 1919 rejimenti yake ilipita kwa gwaride katika barabara kuu ya New York, na Johnson, aliyekuwa amepandishwa cheo kuwa sajini, alipita akiwa ndani ya gari huku umati ukimshangilia kwa jina.

Karatasi iliyonyamaza

Hapo ndipo sehemu ya pili ya habari inapoanza, nayo ndiyo inayotuhusu. Jeshi la nchi yake halikumpa Johnson nishani hata moja. Karatasi zake za kuachishwa jeshi hazikutaja majeraha yake. Mtu aliyetobolewa mwili mara nyingi alirudi nyumbani akiwa na hati inayomweleza kana kwamba hakuguswa.

Tusidhani kwamba hilo lilitokana na sababu moja tu. Kwanza, Johnson alipigana chini ya bendera ya jeshi jingine, na habari za tendo lake zilikuwa katika mikono ya makamanda Wafaransa. Pili, kulikuwa na ubaguzi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza hakuna askari mweusi hata mmoja aliyepewa wakati ule Medali ya Heshima, iliyo kubwa kuliko nishani zote za Marekani. Ubaguzi haukuhitaji kuchoma karatasi, ulitosheka kutoziandika. Tatu, kulikuwa na haraka ya kuwarudisha mamilioni ya watu nyumbani, na karani aliyejaza fomu mia kwa siku hakumwuliza kila mmoja habari za makovu yake.

Johnson hakuweza kurudia kazi yake ya kubeba mizigo, maana mwili ulikuwa umevunjika. Kwa muda alialikwa kuhutubia watu katika miji mbalimbali; lakini mwezi wa Machi 1919, huko St. Louis, aliposema wazi jinsi askari weusi walivyotendewa na wenzao weupe, mialiko hiyo ikakauka. Alifariki mwezi wa Julai 1929, akiwa bado katika umri wa mtu wa kufanya kazi. Jamaa na marafiki waliomkumbuka walidhani kwamba alizikwa katika makaburi ya maskini, mahali pasipojulikana. Hata kaburi lake lilikuwa limepotea katika kumbukumbu za watu.

Jinsi daftari linavyosahihishwa

Yawezekana kijana akauliza: karatasi ikishakosewa, nani anaweza kuirudisha katika kweli? Marekani ilijiuliza swali hilo baada ya Vita Vikuu vya Pili, na mwaka 1946 Bunge lake likatunga sheria iliyoruhusu kuundwa kwa mabaraza ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi. Askari mwenyewe, au warithi wake kama amefariki, anaweza kupeleka ombi. Sheria inamtaka afanye hivyo ndani ya miaka mitatu tangu alipotambua kosa. Lakini baraza lina ruhusa ya kupuuza kikomo hicho ikiwa haki inadai hivyo.

Anayeomba hana budi kuleta ushahidi: amri ya kutoa nishani, taarifa za kila siku za kikosi, hati za hospitali, barua za wakati ule, maneno ya waliokuwapo. Baraza halimpi mtu nishani kwa sababu ya machozi ya wajukuu wake. Likikubali, daftari la askari hurekebishwa, naye hupewa hati inayoongeza kile kilichokosekana. Ni kazi ya uvumilivu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wanaotafuta haki ya namna hii huinama miaka mingi juu ya makasha yenye vumbi.

Kuna pigo jingine lililoongeza uzito wa kazi hiyo. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika jengo la kumbukumbu za askari lililo karibu na mji wa St. Louis. Mafaili yapatayo milioni 16 hadi 18 yaliteketea. Kati ya mafaili ya askari wa nchi kavu walioachishwa jeshi tangu Novemba 1912 hadi mwanzo wa 1960, karibu asilimia 80 yaliangamia, na hapakuwa na nakala. Tangu siku ile, familia nyingi zinazotafuta nishani ya babu yao zinaambiwa kwamba faili limeungua. Hapo watumishi wa jumba hilo hulazimika kukusanya habari kutoka pengine: orodha za mishahara, hati za hospitali, taarifa za vikosi. Polepole, kipande kwa kipande, maisha ya mtu yanashonwa upya.

Miaka 97

Watu wa Albany hawakumsahau Johnson. Maaskari wa zamani wa mji ule, baadhi yao waliopigana Vietnam, walipiga mbiu mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alimpa Johnson, aliyekwisha kufa, nishani ya Moyo wa Zambarau, ambayo hutolewa kwa waliojeruhiwa vitani. Majeraha yaliyonyamaziwa na karatasi za 1919 yalikuwa sasa yamekubaliwa na nchi. Mwaka 2002 akapewa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, nishani ya pili kwa ukubwa katika jeshi la nchi kavu. Ombi la kumpa Medali ya Heshima halikukubaliwa wakati ule.

Miaka hiyohiyo watafiti waligundua jambo la ajabu. Johnson hakuzikwa na maskini wasio na jina. Alizikwa kwa heshima za kijeshi Arlington, katika makaburi ya taifa, mwezi uleule aliofariki. Daftari la makaburi lilikuwa limemtunza kwa uaminifu miaka yote hiyo. Ila hakuna aliyekuwa amelifungua na kulisoma kwa makini.

Kisha ukapatikana ushahidi uliokuwa ukikosekana: waraka wa Jenerali John Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Ufaransa, ulioandikwa siku chache tu baada ya pambano na kusimulia tendo la Johnson. Uliletwa na wasaidizi wa seneta mmoja wa New York waliochimbua katika hati za zamani. Kwa kuwa muda uliowekwa na sheria ulikuwa umepita kitambo, Bunge lilipaswa kutunga kifungu maalumu cha kuuondoa. Hatimaye tarehe 2 Juni 2015 Rais Barack Obama alitangaza Medali ya Heshima kwa sajini Henry Johnson. Siku ileile alipewa pia marehemu sajini William Shemin, Myahudi, aliyewaokoa wenzake majeruhi chini ya risasi mwezi wa Agosti 1918, na ambaye binti yake alihangaika miaka mingi ili haki hiyo ipatikane.

Johnson hakuwa peke yake. Katika Vita Vikuu vya Pili, ambamo Wamarekani weusi zaidi ya milioni moja walihudumu, hakuna hata mmoja wao aliyepewa Medali ya Heshima wakati ule. Mwaka 1993 jeshi lilikabidhi Chuo Kikuu cha Shaw kazi ya kuchunguza sababu zake. Matokeo yake, tarehe 13 Januari 1997 wanaume saba walipewa medali hiyo. Sita walikuwa wamekwisha kufa. Mmoja tu, Vernon Baker, alikuwa hai kuipokea kwa mikono yake.

Kweli haina upendeleo

Sharti hapa tuongeze jambo ambalo wapenda haki husahau wakati mwingine. Kusahihisha daftari si kuongeza tu. Pengine ni kufuta. Mwaka 1917 jeshi la Marekani lilipitia upya orodha ya Medali ya Heshima na kuondoa majina 911. Kati ya hayo, 864 yalikuwa ya kikosi kimoja kutoka jimbo la Maine, ambacho kilipewa medali kwa jumla bila tendo la ushujaa vitani. Lakini katika kufuta huko lilifutwa pia jina la Mary Walker, mganga aliyewahudumia majeruhi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwanamke pekee katika orodha ile. Ilibidi kusubiri hadi 1977 jina lake lirudishwe. Waliosahihisha nao walihitaji kusahihishwa.

Hata katika habari za Johnson kweli iliuma. Familia moja iliyoamini kwa moyo safi kuwa ni uzao wake, na iliyompigania miaka mingi, iliambiwa kabla ya sherehe ya 2015 kwamba uchunguzi wa hati haukuthibitisha undugu huo. Medali ikapokelewa na askari wa jimbo la New York kwa niaba yake, kwa kuwa hakupatikana jamaa aliyethibitishwa. Bila shaka habari hiyo ilikuwa chungu. Lakini daftari linalosahihishwa kwa uongo mwingine halijasahihishwa. Waliodai kwamba hati iheshimiwe ilipomtetea Johnson walipaswa kuiheshimu pia iliposema jambo wasilolitaka.

Na heshima za binadamu zenyewe hazina mizizi mirefu. Mwaka 2023 kambi kubwa ya jeshi huko Louisiana ilipewa jina la Johnson. Mwaka 2025 jina hilo likaondolewa. Anayejenga furaha yake juu ya vibao vya barabarani anajenga juu ya mchanga. Lakini kibao kikiondolewa, lile lililothibitishwa kwa ushahidi na kuandikwa linabaki.

Deni letu

Tugeukie sasa nchi yetu. Kijana wa Bukavu akipita karibu na kambi ya Saio, au kijana wa Kinshasa akitembea katika barabara za Saio, Gambela na Asosa, anakanyaga majina ya vita. Hizo ni sehemu za Uhabeshi ambako askari wa Force Publique kutoka Kongo waliwapiga Waitalia mwaka 1941. Saio ilisalimu amri tarehe 3 Julai mwaka ule. Kabla yao, katika Vita Vikuu vya Kwanza, babu zao walikuwa wametembea hadi Tabora, katika Tanzania ya leo, na kuuteka mji huo tarehe 19 Septemba 1916. Nyuma ya kila bunduki walikuwako wapagazi waliobeba risasi, unga na majeruhi. Wengi walikufa njiani kwa njaa na magonjwa. Tunayajua majina ya majenerali Wabelgiji. Je, ni wangapi kati yetu tunaoweza kutaja jina la mpagazi mmoja?

Wapo Wakongo waliolitambua tatizo hilo mapema. Paul Panda Farnana, aliyepigana Ubelgiji mwaka 1914 katika kikosi cha kujitolea cha Wakongo na kutekwa na Wajerumani, alianzisha mjini Brussels mwaka 1919 chama cha Union congolaise ili kuwasaidia wenzake waliobaki huko. Alidai kwamba askari Wakongo waliokufa vitani wakumbukwe kama wengine. Alikufa mwaka 1930 kabla ya kuona mengi ya aliyoyatamani.

Na mwezi wa Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alipozuru Kinshasa, alimvalisha nishani ya ukamanda wa Daraja la Taji mzee Albert Kunyuku, mwenye miaka 100, wa mwisho aliyejulikana kuwa hai kati ya askari wetu wa Vita Vikuu vya Pili, aliyetumwa hadi Burma. Wengi walifurahi, wengi pia walijiuliza kwa nini ilichukua zaidi ya miaka 75. Kawia ufike, husema wahenga. Lakini wenzake mzee yule hawakuwapo tena kuona kilichofika.

Mungu anajua: je, haitoshi?

Mkristo anaweza kusema: Mungu anajua yote, Yezu mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni (Luka 10, 20). Basi tuhangaikie karatasi za duniani kwa sababu gani? Tena nishani za vita? Kanisa si linahubiri amani?

Maswali hayo ni ya haki, nayo yanastahili jibu. Kanisa halifurahii vita. Lakini tazameni ni nini hasa kilichomfanya Johnson akumbukwe: alikataa kumwacha mwenzake majeruhi achukuliwe. Tunaweza kuuchukia mtaro na kuuheshimu upendo uliotendeka ndani yake.

Kuhusu karatasi, Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha, katika namba 2487, kwamba kila kosa dhidi ya haki na kweli linadai malipizi, hata kama aliyelitenda amekwisha kusamehewa. Amri ya nane hatuivunji kwa kusema uongo tu. Hati rasmi inayonyamaza mahali inapopaswa kusema nayo inashuhudia uongo, na ushuhuda huo unaendelea kila siku hati hiyo inapobaki ilivyo. Ni kweli kwamba Mungu anajua. Kwa kuwa anajua, sisi tulioitwa kuwa mashahidi wake hatuna ruhusa ya kuandika tofauti na anavyojua yeye.

Kanisa lenyewe limewahi kutii kanuni hii. Mwaka 1431 mahakama ya kikanisa huko Rouen ilimhukumu Yoana wa Arc, msichana mwanajeshi, kuwa mzushi, naye akachomwa moto. Mama yake na ndugu zake waliomba kesi ichunguzwe upya. Mashahidi wengi wakasikilizwa, na tarehe 7 Julai 1456 hukumu ile ikatangazwa kuwa batili. Hakurudishiwa uhai. Alirudishiwa jina. Mwaka 1920 Papa Benedikto XV alimtangaza kuwa mtakatifu.

Na Maandiko yanatukumbusha pia uchungu wa kukosa kuandikwa. Waisraeli waliporudi kutoka uhamishoni, makuhani fulani walitafuta majina yao katika orodha za koo wasiyaone, wakatengwa na huduma (Ezra 2, 61-63). Mtu asiyepatikana katika kitabu anasimama mlangoni, hata kama nyumba ni ya baba yake.

Wapendwa vijana, kazi hii haiko mbali nasi. Katika parokia zetu kuna daftari la ubatizo, ambalo pembeni mwake huandikwa kipaimara na ndoa. Kuna majina yaliyokosewa, tarehe zilizoachwa, vitabu vilivyopotea wakati wa vita na kukimbia. Kuna wazee katika jumuiya zetu ambao hakuna aliyewauliza walikotoka. Kuna ndugu zetu waliouawa katika vijiji vya mashariki ambao hutajwa kwa hesabu tu, bila jina. Kijana mwenye daftari na kalamu anaweza kuketi karibu na mzee na kuandika: jina, jina la baba na mama, mahali, mwaka, na ni nani mwingine aliyeshuhudia. Anaweza kuitunza picha ya zamani na kuandika nyuma yake ni nani aliyemo. Anaweza kumsindikiza mjane hadi ofisini kudai hati ya mumewe. Anaweza kumwomba paroko asahihishe kosa katika daftari kwa ushahidi uliothibitishwa, bila kuongeza hata nukta isiyo ya kweli. Habari za Johnson zilirudi katika nuru kwa sababu mtu fulani, mwaka 1918, aliandika alichokijua siku chache baada ya kutendeka, na mtu mwingine, karibu karne moja baadaye, alijali kukitafuta.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni nani katika familia au parokia yetu aliyetenda jema kubwa ambalo halijaandikwa popote? Ni nani aliye hai bado anayeweza kulishuhudia?

2. Tumewahi kunyamazia sifa ya mtu kwa sababu ya kabila lake, cheo chake au umaskini wake? Tufanye nini kulipa deni hilo?

3. Tukiletewa hati inayosema kweli tusiyoipenda juu yetu au juu ya ukoo wetu, tunaipokeaje?

Ee Bwana, unayemjua kila mmoja kwa jina lake, utujalie mikono inayoandika kweli na macho yasiyochoka kuitafuta. Uwapokee katika amani yako askari na wapagazi waliokufa bila kutajwa, nasi utufundishe kuwalipia wazee wetu heshima tunayodaiwa wangali hai. Amina.